Dakika Nne za Mwingereza

Daktari wa macho alisema miezi sita, pengine mwaka, na mimi nikasikia miezi sita tu. Ndivyo nilivyo. Nikiambiwa kuna wingu, naanua nguo. Mama alikuwa amekaa kando yangu, mtandio umemshuka mabegani, anamsikiliza daktari kwa adabu kama mtu anayepewa habari za jirani. Katikati ya macho yake pameingia kiwingu kisichoondoka, pembeni bado anaona. Akitaka kukutazama usoni hugeuza kichwa upande, na asiyemjua hudhani amenuna.

Ndani ya gari, kabla hatujafika nyumbani kwetu Hail, hapa Maskati, akaniuliza, "Na ile filamu yako ya yule Mngereza, iko wapi?"

Nikamwambia bado. Nilikuwa nimeitafuta zaidi ya mwaka, kidogo kwa sababu napenda sinema za zamani na zaidi kwa ajili yake. Sasa daktari alikuwa ameniwekea muda.

Mama hajapata kuiona sura ya mama yake. Bibi alifariki kwa homa huko Unguja, mama akiwa mchanga wa miezi michache, na hakuacha hata picha moja, kwani babu hakuruhusu wanawake wake wapigwe picha. Yalibaki maneno tu. Katika ukoo wetu kila mtu anajua kwamba miaka michache kabla mama hajazaliwa alipita Mwingereza mmoja na kamera ya kuzungusha kwa mkono, babu akamkaribisha, na bibi akaingia katika filamu yake. Maneno hayo tulivuka nayo bahari baada ya mapinduzi, tukaja nayo Maskati, na mpaka leo hakuna harusi yetu inayokwisha bila shangazi mmoja kuyataja. Mtu mwenye akili zake angeuliza: babu asiyekubali picha alikubalije filamu? Hatukuuliza. Tulikuwa tunaona fahari, na fahari haina maswali.

Basi nikaanza kumfuata Mwingereza mwenyewe, kwa kusoma habari zake. Jina lake sitalitaja. Si siri, ila wajukuu wake wapo na hawajanikosea kitu.

Alikuwa mtoto wa muuza dawa katika mji wa pwani huko kwao. Alianza na taa ya kutupia picha ukutani, akizunguka nayo kwenye kumbi za makanisa, mkewe akipiga kinanda. Zilipokuja picha zinazotembea akaacha dawa na chupa zake, akatafuta kamera. Filamu zake za mwanzo ni za dakika moja moja: mawimbi yanapiga ukuta, mzee anafukuza kofia yake, paka anakunywa maziwa ya mtoto. Watu wakazipenda. Akajenga banda nyuma ya nyumba, akaliezeka vioo, maana taa za kutosha hazikuwepo na jua la Uingereza ndilo hilo tunalolisikia. Humo bandani alikuwa kila kitu. Mwongozaji yeye, mtayarishaji yeye, mpiga picha yeye, na mfagizi akikosekana, yeye. Mkewe alishona nguo, akaandika hadithi, na palipohitajika maiti, akalala chini akawa maiti.

Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha sana. Waigizaji hakuwa nao, alikuwa na sanduku la nguo. Akikosa malkia, anamvika dobi wake. Akikosa jemadari, anamwita muuza samaki na kumpachika nishani kifuani. Alishikilia kwamba mtazamaji haangalii mtu, anaangalia vazi. Nilimfasiria mama kipande hicho tukacheka pamoja, halafu nikaenda jikoni kutazama wali wangu.

Kisha filamu zikarefuka. Za Marekani zikajaza kumbi, na banda lake la vioo likawa kama muuza barafu aliyekaa mbele ya duka la mafriji. Akalifunga. Akawa anatumwa na wafanyabiashara wa chai na sabuni kwenda makoloni kuleta picha za nchi za mbali, dakika nne nne, za kuwapumbaza watu kabla filamu kubwa haijaanza. Unguja ilikuwa safari yake ya mwisho. Wenzake walishapata sauti, yeye bado anazungusha mkono. Aliporudi, hakuna aliyetaka filamu bubu, na umri wake aliumalizia mlangoni mwa sinema ndogo, akichana tikiti za filamu za watu wengine.

Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini kilichonitisha ni jambo jingine. Nilisoma kwamba filamu zake nyingi ziliyeyushwa ili watu watoe madini ya fedha yaliyomo. Nikaenda nalo hilo kazini, nikarudi nalo. Mimi ni mfasiri wa mikataba, na wiki ile niliruka kifungu kizima cha mkataba kwa kuwaza kwamba huenda bibi yangu ameshakuwa kijiko katika nyumba ya mtu.

Hakuwa kijiko. Katika hifadhi moja ya filamu huko Uingereza nilimpata mwanamke mmoja mpole sana, mjuzi sana, na mwenye foleni ndefu sana. Aliniandikia kwamba kopo lipo, lina kutu, na kisiwa chetu kimeandikwa juu yake kwa penseli. Lakini filamu za aina ile hushika moto upesi, hazipitishwi kwenye mashine ovyo, lazima zisafishwe na zisubiri zamu. Nikamweleza habari ya macho ya mama. Akanijibu kwa maneno mazuri, na zamu ikabaki palepale.

Miezi ile nilikuwa sikaliki. Kila asubuhi nilimpima mama bila kumwambia kuwa nampima. Namwonyesha saa ya ukutani, namuuliza ni saa ngapi, eti yangu imesimama. Mwanzoni alijibu sawasawa. Baadaye akawa anakisia kwa jua la dirishani. Siku moja nilipomuuliza akasema, "Saa ya wewe kuacha kunipima." Nikaingia chooni nikalia.

Zamu ilipofika, nakala ya filamu ililetwa kwa mtandao Jumatatu mchana, nikiwa kazini. Niliomba ruhusa, nikaendesha gari mpaka nyumbani, nikamweka mama kwenye kochi mbele ya televisheni, nikawasha.

Watu walikuwa wanakwenda mbio. Wachukuzi bandarini wanarukaruka kama maharage yanayochemka, punda anakimbia, mzee mwenye kilemba anakunywa kahawa kwa kasi ya kutisha. Halafu ua wa nyumba, kisima, mlango. Akatoka mwanamke kijana amevaa kanzu ya hariri na suruali ya marinda, dhahabu shingoni na mikononi, akapita kisimani, akasimama, akatazama kamera, akatoweka. Haikuzidi pumzi tatu.

"Mbona mbio?" mama akauliza. "Kwani anafukuzwa?"

Nikairudia. Nikairudia tena. Mama aligeuza kichwa huku na huku, akasogea mbele, akarudi nyuma.

"Mzuri," akasema mwishowe. Kisha akanishika goti. "Usinune, mwanangu. Nnakuona uko roho juu. Lakini mie sura ya mama siijui. Nna nini cha kumlinganisha?"

Nilinuna. Nasema kweli. Mwaka na zaidi nimehangaika, na mama ananiambia mzuri, kama anasifu kitambaa. Nikampigia simu kaka yangu mkubwa anayekaa Mawaleh, nikitumaini angalau yeye atafurahi, na alifurahi kupita kiasi. Kaka ni mstaafu wa serikali, na tangu astaafu anaandika kitabu cha ukoo wetu. Palepale akaamua kwamba Ijumaa baada ya sala watu wote waje kwetu kula, waione filamu, na sura ya bibi aichapishe ukurasa wa kwanza. Kabla sijakata simu alikuwa ameshaanza kuwaita.

Nilimwandikia yule mwanamke wa hifadhi kumuuliza kuhusu mbio zile. Akanieleza kwamba Mwingereza, filamu ikikaribia kumwishia, alikuwa anazungusha mkono polepole ili kubana, na kilichopigwa polepole kikionyeshwa kwa mashine za leo hukimbia. Angenitengenezea nakala yenye mwendo wa kweli. Akauliza pia kama nataka kurasa za daftari la Mwingereza, zile za safari ya Unguja. Nikasema nazitaka. Laiti ningejua.

Vyote viwili vilifika Alhamisi. Nikaanza na daftari.

Aliandika juu ya joto, juu ya forodha, juu ya kahawa ya babu aliyoiona chungu. Halafu akafika kwenye ua wetu. Mwenye nyumba ni mkarimu, aliandika, lakini mabibi wa nyumba hawatatokea mbele ya kamera kwa hali yoyote. Wamekubaliana hivi: bibi mwenyewe, mke wa mwenye nyumba, ameazimisha nguo zake na dhahabu yake, na zimevaliwa na msichana mtumishi. Msichana anajua kusimama, aliandika. Jina lake hakuliandika.

Nilikaa na karatasi zile mapajani mpaka kiyoyozi kikanitia baridi. Sanduku la nguo. Nililisoma kwa mdomo wangu, nikacheka, nikaenda kutazama wali.

Na wakubwa wetu hawakusema uongo, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Shangazi amenihadithia mara nyingi mambo yao ya kale: mwanamke akiwa na mimba kubwa, au yuko edani, hawezi kwenda harusini, basi huipeleka dhahabu yake ikavaliwa na mwingine, na yeye huhesabiwa amehudhuria. Hata chakula chake hupelekewa nyumbani. Kwao wao bibi aliingia katika filamu kama alivyoingia katika harusi nyingi. Sisi tuliokuja nyuma, tusioazimana hata pini, ndio tuliodhani kwamba kilichoingia filamuni ni uso wake.

Na yule aliyevaa? Msichana wa nyumbani, ndivyo tunavyosema kwetu. Tuna maneno mengi laini ya kulipitia jambo hilo kando. Wasichana wa nyumbani wa wakati ule walikuwa watoto na wajukuu wa watu ambao babu zetu waliwamiliki, na neno lenyewe halitamkwi mbele ya wageni wala sisi kwa sisi. Katika kitabu cha kaka, kurasa zote zile, halimo.

Niliogopa. Nikinyamaza, kesho mama atakaa katikati ya wanawe na wajukuu, atamtazama mtu baki kwa macho yake ya mwisho na kumwombea kama mama yake. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee nilichompa. Hakuna ambaye angejua. Ni mimi tu, na mwanamke mmoja Uingereza asiyetujua. Nilipanga upya makabati ya jikoni, nikayafuta, nikayapanga tena kama yalivyokuwa. Mama alikuwa ananisikiliza kutoka sebuleni na hakuniuliza.

Ijumaa asubuhi nilimkalisha kwenye kiti cha chini nimchane nywele, kama kila Ijumaa. Nywele zake ni chache sasa, mafuta kidogo ya nazi yanatosha. Simu ya kaka ikalia, anataka kujua kama tuna matikiti ya kutosha au apitie sokoni. Nikamwambia yanatosha. Nilipoiweka simu chini niliona kwamba nisiposema sasa sitasema tena, na nikasema. Nilisema yote, nyuma ya kichwa chake, kwa sababu usoni nisingeweza. Daftari, nguo, dhahabu, msichana.

Mama hakugeuka. Kitana kilikuwa mkononi mwangu na sikujua nikiweke wapi.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Sikutaka ujue hivi."

"Msichana gani?" akauliza.

"Hakuandika jina."

"Iwashe."

"Mama, watu watakuja sasa hivi, hujavaa..."

"Nshakwambia, iwashe."

Nikaiweka ile nakala mpya. Hakukaa kochini. Alikwenda na nywele zake nusu zimechanwa, nusu zimesimama, akasimama karibu na kioo cha televisheni mpaka pua ikakaribia kugusa, akageuza kichwa upande. Safari hii wachukuzi walitembea. Punda alitembea. Mlango ukafunguka, na mwanamke akatoka bila haraka, akiangalia anapokanyaga, mtu aliyevaa hariri isiyokuwa yake. Alipofika kisimani akasimama, akaweka mkono kiunoni, si kiganja, ila mgongo wa mkono, kiganja kikitazama nje.

Mama alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Mkono," akasema. "Utazame mkono. Ndivyo alivyokuwa akisimama jikoni, mikono ina unga, asichafue nguo. Nani mwengine akiweka mkono vile? Wallahi ni yeye."

Akaniambia jina. Nilipata kulisikia mara moja mbili utotoni, katika mazungumzo ya wakubwa, jina la mtu wa jikoni. Mama alilitaja mara moja, akaketi sakafuni, nami nikaketi.

"Mama alipokufa, huyu alikuwa na mtoto mchanga," akasema. "Akaninyonyesha mie pamoja na mwanawe. Sikulala kwengine ila ubavuni kwake. Mie nikimwita mama, unafahamu? Nikijua ndiye. Hata siku moja, nna miaka sita, wamekuja wageni, nikamwita mbele yao. Shangazi yangu akanivuta sikio mpaka ukumbini. Akanambia mama yako kafa, huyo mtumishi, mwite jina lake."

"Ukafanyaje?"

"Nikafanya nilivyoambiwa. Nikenda jikoni nikamwita kwa jina lake, kama wakubwa." Alikuwa anaongea na zulia. "Akageuka akantazama. Kisha akaitika, 'Labeka, bibi.' Mie, mtoto wa miaka sita. Tangu siku hiyo mpaka tulipoondoka Unguja, ni mtu mzima nimeolewa, sikupata kumwita vyengine. Na yeye hakupata kuitika vyengine."

Nilimshika mikono. Mwaka mzima nilikuwa nikihangaika apate kuiona sura ambayo hakuwahi kuililia. Yule aliyekuwa akimlilia, sikupata kumuuliza mama ni nani.

"Wakati wa kuondoka ulimuaga?" nikauliza.

"Ilikuwa mbiombio. Hata sijui kazikwa wapi."

Nikamaliza kumchana. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, yeye akanipa ncha ya mtandio wake nijifute. Kabla ya adhana alikuwa ameshavaa, amejifukiza udi, amekaa.

Walikuja wote. Sebule ilijaa, viatu vikafika mpaka ngazini, sinia za biriani zikatandazwa na kuondolewa. Mimi sikula. Kila kaka alipofungua mdomo niligeuka kumtazama mama, maana nilijua kitabu kile ni kila kitu kwake, na sikujua mama ameamua nini. Kahawa ilipopita, kaka akasimama mbele ya televisheni, akakohoa kidogo, akawaambia watoto wanyamaze.

"Leo," akasema, "mtamwona bibi yetu, mama yake mama. Sura yake haijapata kuonekana na..."

"Kaa, mwanangu," mama akasema.

Kaka akakaa. Nadhani ni mazoea tu. Mama akaniashiria, nikawasha, na tulipofika kisimani akaniambia nisimamishe hapo. Mwanamke akasimama katikati ya sebule yetu, mgongo wa mkono kiunoni.

"Nguo hizi za mama yangu," mama akasema. "Na dhahabu yake. Aliyevaa siye." Akalitaja jina mbele ya watu wote, akasema alikuwa nani katika nyumba ile na wazee wake walikuwa nani, akalitumia neno lenyewe, lile tusilolitamka. Kikombe cha mtu kiligonga kisahani. "Kaninyonyesha miaka miwili."

Kaka aliweka kikombe chake chini. Mambo ya dini anayajua kuliko sote. Anajua anayekunyonyesha ni nani kwako.

"Mama," akasema polepole, "hili wakubwa hawakulisema. Kitabu nshawaonyesha watu. Nitaandika nini?"

"Wakubwa walinikataza, nikawatii," mama akasema. "Sasa mkubwa ni mie. Muandike."

Akashika mkono wangu akainuka, akaenda mpaka karibu na kioo. Akageuza kichwa upande ili amwone, akaita, "Mama."

Sote tukanyamaza, kana kwamba ataitika.